Niulize Mara ya Pili

Kashinje wangu,

Usivue viatu. Soma hapo hapo uliposimama, na bibi yako akikuuliza mama kaandika nini, mwambie ni maneno ya safari. Ndivyo nilivyomwambia mimi. Amekaa mlangoni na ungo wa maharage mapajani, na kila nikigeuza karatasi ananitupia jicho.

"Mama Kashinje, barua gani hiyo isiyoisha? Mtoto si yuko hapo kwa msusi tu?"

Nimemjibu kwamba yapo mambo nikiyasema kwa mdomo nitalia. Amecheka. "Lia tu, mayu, mama yangu, nani atakuzuia." Bibi yako hajui kusoma, nawe unajua hivyo, na leo ndiyo mara ya kwanza nashukuru.

Ningekutumia meseji, lakini simu ya nyumba hii umeibeba wewe. Mimi ndiye niliyesema uanze kuizoea kabla hujafika Dodoma. Majirani wote wako mwaloni wanaosha mchanga wao wa dhahabu, hata mtoto wa kumtuma hayupo. Kwa hiyo nimechukua daftari lako la Baiolojia na naandika kurasa za nyuma. Usiponisoma vizuri nivumilie. Mkono umechoka na kiti hiki hakinipendi siku hizi.

Asubuhi umeondoka umenuna na nusu ya kichwa haijasukwa. Uliingiza mkono chini ya kitanda kuvuta begi, ukatoka na chupa ya plastiki yenye maji ya rangi ya chai iliyolala, na mizizi imezama chini. Ukafungua, ukanusa. Niliuona uso wako.

"Mama, hii si ile dawa ya uchungu?"

Bibi akadakia kabla sijafumbua mdomo. "Ndiyo hiyo. Ndiyo iliyokuleta wewe duniani. Irudishe ulipoitoa."

Ukanigeukia mimi. "Umekunywa?"

Nikasema, "Hapana."

Ukanitazama kama unavyonitazama miguu unapoibonyeza kwa kidole gumba kuona kama imejaa maji. Halafu ukasema lile neno ambalo limenikaa kifuani tangu saa ile. "Basi chuo siendi. Nitaahirisha mwaka. Nitakaaje darasani nafundishwa uuguzi wakati nyumbani nimeacha chupa hii chini ya kitanda?" Bibi akakuambia kwamba ninyi wa siku hizi mnataka kuzaa kwa karatasi, nawe ukatoka ukaacha mlango wazi.

Kesho alfajiri gari linaondoka. Wewe unataka liende na kiti kitupu, mimi nataka uwe kwenye kiti hicho. Ndiyo sababu naandika. Habari za shuka, sabuni na vyeti kukaa kwenye mkoba wa mkononi tumeziongea wiki nzima, sizirudii.

Nataka nikusimulie kuzaliwa kwako. Najua, umeisikia mpaka umeichoka, ila umeisikia kwa bibi. Kwake ni hadithi ya kuchekesha. Mama alikunywa dawa, mtoto akaja mbio mpaka akatanguliza miguu kwa hamu ya kumwona bibi yake, akaitwa Kashinje kama wote wanaotanguliza miguu kwetu. Watu wanacheka, na mimi huwa nacheka. Haina uongo. Ila kuna kipande bibi hakijui, kwa sababu hakuwepo chumbani.

Nilikuwa nimetoka shule kidato cha pili na tumbo. Baba yako alikuwa ameshakuja huku Geita kufuata dhahabu, akaniacha Kishapu kwa mama yake. Ilikuwa msimu wa kuchuma pamba. Uchungu ulianza polepole, unakuja unaondoka, na bibi yako akaona nachelewa. Akanipa kikombe. Nilikunywa. Wanawe wote aliwazaa kwa dawa hiyo, na mimi nilikuwa mtoto tu nyumbani kwake. Mkwe akikupa kikombe kwa mikono miwili, unamwambia nini?

Baada ya hapo uchungu haukuondoka tena. Ulikuja mmoja juu ya mwingine, sipati hata nafasi ya kumeza mate. Wakanilaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka zahanati.

Pale kulikuwa na manesi wawili. Mmoja alikuwa anamaliza zamu, na alikuwa anamfokea mama wa kitanda cha pili mbele ya ndugu zake. "Mkishabugia majani yenu huko ndio mnatukumbuka! Mnataka tuwafanye nini?" Yule mama aligeukia ukutani. Nikajifunza pale pale, nikiwa chali, kwamba ukisema ukweli unafokewa watu wakisikia.

Nesi wa pili alikuwa mfupi, ana mwanya, na kandambili yake moja imeungwa kwa waya. Alikuwa ameshatundika chupa ya dripu, bado hajaniunganishia. Akaweka mkono juu ya tumbo langu, akauacha pale muda mrefu.

"Umekunywa dawa yoyote nyumbani?"

Bibi yako alikuwa amesimama kichwani kwangu, ameshika mkono wangu. Nikasema hapana. Bibi akanibana vidole. Mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru au ananionea huruma.

Yule nesi hakubishana. Alimgeukia bibi kwa adabu kabisa. "Shikamoo mama. Hebu nisaidie. Nataka kanga kavu mbili, kawaombe wale walioko nje chini ya ukuta." Bibi akaenda. Nesi akasukuma mlango kwa kisigino, akainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Sasa tuko wawili. Umekunywa?"

Nikasema, "Nimekunywa."

Akasema, "Asante, mdogo wangu."

Basi. Hakuniuliza kwa nini. Aliishusha ile dripu ambayo ingenizidishia uchungu, akatoka mbio kuita gari la kwenda Shinyanga. Gari lilikuja, na halijatoka hata uwanjani mguu wako mmoja ukawa umeshatoka. Akaparamia ndani na kandambili yake ya waya. Alikupokea humo humo, akakusugua mgongo mpaka ukalia, halafu damu yangu ikafunguka. Njia nzima alipiga magoti kwenye bati la gari, amenikandamiza tumbo kwa ngumi, anamwambia dereva, "Usisimame. Hata kwa ng'ombe usisimame." Shinyanga daktari aliniambia kwamba dripu ile ingeingia juu ya dawa niliyokunywa, kizazi kingechanika na tungekwenda wote wawili. Hivyo nakuambia, mwanangu, wewe na mimi tuko hapa kwa sababu mtu mmoja hakuridhika na jibu la kwanza, na alijua nani wa kumtoa chumbani kabla ya kuuliza tena.

Jina lake sikulishika. Nilimwita nesi, naye aliitika.

Unakumbuka siku ya kutuma maombi, pale steshenari mjini? Yule kijana wa kompyuta alivyoona matokeo yako akaacha kuandika. "Dada, na ufaulu huu unaweka uuguzi chaguo la kwanza? Weka udaktari bwana, uuguzi uwe wa mwisho mwisho huko." Ukamwambia andika uuguzi. Akanigeukia mimi. "Mama, hebu ongea na mtoto." Foleni yote ikageuka. Mmoja akasema nyuma, "Fizikia, Kemia, Baiolojia yote hiyo, akamwage mikojo ya watu!" Watu wakacheka, nami nikatazama sakafu. Ulinisubiri niseme neno. Niliona ulivyonisubiri. Nilikaa kimya kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshaota kuitwa mama daktari. Mwisho ukasema mwenyewe, "Kaka, unaandika au niende duka la pili?" Akaandika.

Tukiwa njiani nikakuuliza kwa nini uuguzi. Ukasema, "Nataka kujua yule nesi alikufanyia nini." Nilinyamaza tena. Leo nimekuambia alichofanya. Mengine ya ngumi na dripu watakufundisha. Hili la kumtuma mama mkwe akaombe kanga sijui kama wanalifundisha, ndiyo maana nakupa mimi.

Usidhani mimi nililijua tangu siku ile. Mtu anaweza kutendewa jambo na asijifunze. Mwaka juzi, kule kibandani kwangu, alikuja mchimbaji mmoja mdogo mdogo, akaagiza ugali, akawa anakula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia kauingiza mfukoni. Nilinusa kabla sijaona. Nikamwambia mbele ya wenzake wote, kwa sauti yangu ile unayoijua, "We kijana, toa mkono huo mfukoni! Unaoza huku unakula?" Wenzake wakaangua. "Mwache, mama, kaficha mchumba!" Akaacha sahani, akaondoka. Alikuwa anaogopa msimamizi wa duara akijua ameumia atamtoa humo shimoni na kumweka mtu mwingine. Niliposikia habari zake tena walikuwa wamemkata vidole. Nilikuwa na haki ya kufoka, chakula ni changu na kibanda ni changu. Lakini vidole vilikuwa vyake. Ningemwita nyuma ya jiko nikamwuliza polepole, labda angevitoa. Labda asingevitoa. Sikujaribu.

Kwa hiyo utakapokuwa umechoka, zamu imezidi, wagonjwa wamelala wawili wawili, na mbele yako yuko mwanamke anayekudanganya macho makavu, usimwone mjinga. Tazama kwanza nani amesimama kichwani kwake.

Na sasa nirudi kwenye chupa.

Bibi yako usimchukie. Alichimba mizizi ile mwenyewe, na magoti yake unayajua. Akaja nayo kutoka Kishapu, ameipakata kwenye basi kama mtoto, hakuiweka hata chini ya kiti. Kwa macho yake, mwanamke aliyekaa miaka yote hii tangu akuzae wewe, leo ameshika mimba, tumbo lake limesahau kazi na linahitaji kukumbushwa. Hajawahi kuambiwa aliyoniambia daktari kule Shinyanga. Tulimficha. Nilimficha mimi. Siku zote alipokuwa anasimulia hadithi yake na watu wanacheka, ningeweza kumwita pembeni nikamwambia, mama, ile dawa karibu ituue. Niliona nitamvunja moyo. Nimemlinda moyo, naye akanichimbia mizizi mingine.

Asubuhi uliniuliza swali sahihi. Ila uliniuliza yeye akiwa ameketi pale, na uliniuliza mara moja tu.

Nilikunywa, Kashinje.

Kifuniko juzi, kifuniko jana jioni. Leo sijaigusa. Wala usimlaumu bibi peke yake, kwa sababu jana yeye alikuwa amelala na mimi niliivuta chupa mwenyewe. Nilitaka mtoto huyu atoke kabla hujaondoka. Nilitaka umwone, umshike, upande gari ukijua mama amejifungua salama, usiende kukaa darasani na mimi kichwani. Kliniki walishaniambia amekaa vibaya, ametanguliza makalio, nisisubiri uchungu huku machimboni, nihamie mapema mjini karibu na hospitali. Nikawa nasema kesho, mara kibanda nitamwachia nani, mara Kashinje asafiri kwanza. Ona akili yangu. Mtu ambaye dawa ile ilimkosa kidogo, akainywa tena kwa ajili ya ratiba ya basi. Ukikutana na mgonjwa wa namna hiyo, ujue si lazima awe hajui. Mimi nilijua.

Tangu jana tumbo linakaza, linaachia. Halijawa uchungu wenyewe. Damu sijaona. Mtoto anacheza, hata sasa ananisukuma ubavuni kama anayetaka kusoma. Lakini tangu nimeanza kuandika limekaza, nikasimamisha kalamu, likaachia, nikaendelea, na mara ya mwisho limekawia kuachia. Nilitaka nitoke peke yangu nikatafute bodaboda, nikaona barabara ile na mashimo yake, nikaogopa kupata shida njiani na dereva nisiyemjua. Nikasema nikusubiri, na nikisubiri niandike, kwa sababu nikikaa bure bibi ataona uso wangu.

Sasa sikia tutakavyofanya, na hapa sikuombi, nakuambia.

Leo hii tunakwenda hospitali. Simu unayo, mwite yule wa bajaji aje mpaka mlangoni. Beseni langu na kanga ziko nyuma ya mlango, nimeshazifunga, bibi anadhani ni nguo za kufua. Begi lako nalo libebe, usirudi huku tena. Baba yako yuko chini ya duara na hapandi mpaka jioni. Mwachie neno kwa yule mama wa kwenye karasha, anaposagia mawe yao, atampa akitoka tu. Ile chupa tunakwenda nayo. Usiimwage. Nataka nimwonyeshe nesi nilichokunywa na nimwambie kiasi gani, kabla hajaniuliza.

Wewe utanifikisha mpaka kitandani. Halafu utakwenda kulala kwa rafiki yangu pale Kalangalala, jirani na stendi, na alfajiri utapanda gari. Nikiwa nimejifungua utapanda. Nikiwa bado, utapanda. Wakinipeleka chumba cha upasuaji, Kashinje, utapanda. Najua unavyong'ata mdomo hapo uliposimama. Leo hii ukibaki kando ya kitanda changu utakuwa binti anayelia na kuwapisha watu njia. Pale wapo waliosomea, na kila mmoja wao alimwacha mtu nyumbani siku aliyokwenda kusoma. Baba yako atakuwepo. Bibi naye atakuja, atapiga kelele wodini, watamzoea. Habari utaipata njiani, nzuri au mbaya, na yeyote atakayekupigia nitamwambia asikufiche. Gari likipita Maganzo utaona njia inayokatia Kishapu. Itazame mara moja, huko ndiko mkokoteni ulikotubeba. Usishuke.

Nami nitamwambia bibi yako ukweli. Si leo, leo sina nguvu ya machozi yake. Nikitoka wodini nitamketisha na nitamsimulia ile hadithi yake mpaka mwisho. Hilo ni la kwangu, usinisaidie.

Limekaza tena. Nimengoja, limeachia.

Nakusikia. Unawaamkia watu kule kwenye kona, sauti bado ina hasira ya asubuhi. Nywele zimeisha basi.

Ukishamaliza kusoma, kunja karatasi uweke mfukoni. Msalimie bibi vizuri, shikamoo yote, hajakukosea. Mwambie mama yako ana kiu ya maji ya baridi, akuombee kwa mwenye friji kule mbele, wewe umechoka kukaa kwa msusi. Atanung'unika, ataenda. Anakupenda. Kisha sukuma mlango, uje ukae hapa karibu nami, uniulize tena kama ulivyouliza asubuhi. Nimeshaandika jibu, lakini mdomo wangu haujalisema bado kwa mtu yeyote, na mdomo huo usipozoea kwako utakwama mbele ya wageni kule hospitali.

Ukinisikia, usinifokee. Sema asante, halafu uite bajaji.

Umefika mlangoni. Bibi anakuuliza mbona umesukwa kubwa kubwa.

Niulize.

Mama yako